Mrija Usiopanguswa

Kosa la Grinnell Jones na W. A. Ray pale Harvard mwaka 1937, ambalo limewashughulisha wanakemia kwa zaidi ya miaka 80, halikuwa katika mizani wala katika hesabu, bali katika uamuzi wa kuupima mvutano wa uso wa maji ya chumvi ndani ya mrija mwembamba wa kwatzi, mahali ambapo uso wenyewe haufikiwi na mkono wala hauwezi kupanguswa.

Kawaida yajulikana: chumvi huupandisha mvutano, kwa kuwa ioni hulikimbia tabaka la juu, nao Onsager na Samaras walikwisha kulieleza hilo vizuri mwaka 1934. Jones na Ray wakaona kwamba chumvi ikiwa haba mno, kiasi cha milimoli 1 kwa lita, mvutano hushuka kwanza ndipo upande. Na mshuko huo haufiki sehemu 1 katika 1,000. Kwa kanuni ya Gibbs, kushuka ni dalili ya kuwa kitu kimejikusanya usoni. Kitu gani? Wao waliihesabu kuwa ni tabia ya chumvi yenyewe. Mwanakemia Langmuir, mwaka 1938, alishuku kuwa chanzo ni utando wa maji ukutani mwa mrija.

Mimi nimekwisha kusema mara nyingi katika safu hii kwamba uso usiopanguswa si ushahidi. Agnes Pockels wa Braunschweig, asiyekuwa na shahada wala maabara, alimweleza mwanafizikia Rayleigh, katika barua iliyochapishwa mwaka 1891, jinsi alivyolaza kipande cha bati juu ya maji yaliyojaa hadi ukingoni, akakisogeza, na taka zote za usoni zikaenda nacho. Mizani yake haikufikia usahihi wa Jones, lakini alijua anapima nini.

Mwaka 2018 Uematsu, Bonthuis na Netz walionyesha kwa hesabu kwamba masazo ya vitu vyenye asili ya sabuni, kwa kipimo cha nanomoli tu, yatosha kuuleta mshuko ule: chembe hizo zina chaji na husukumana usoni, na chumvi kidogo ikiingia huifunika chaji hiyo, zikasongamana, mvutano ukashuka. Naikubali rai yao. Na mwaka 1937 ingalitosha kuupangusa uso katika chombo kilicho wazi, kupima, kuuacha saa kadhaa, kisha kupima tena: mshuko ukizidi kadiri uso unavyokaa, wa kulaumiwa ni masazo, ukibaki vile vile, hapo chumvi ingalishtakiwa kwa haki.