Umenisahau, Mwalimu?

JUZI nilikuwa Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Kijana mmoja alinisimamisha kando ya barabara. "Shikamoo, Profesa." Nikaitikia, nikamtazama, wapi! Sikumjua. "Umenisahau, Mwalimu?" Kumbe ni mwanafunzi niliyemfundisha miaka minne mfululizo. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvua miwani, basi.

Nilimwomba radhi, ila nilimsahihisha pia (ualimu ni ugonjwa). Sikuwa nimemsahau, nilishindwa kumtambua. Alipotaja jina, nilikumbuka hata mada ya utafiti wake. Kusahau ni jambo kukutoka akilini. Kutotambua ni kuwa nalo akilini lakini lipite mbele ya macho usilijue. Tunapochanganya vitenzi hivi, tunamshtaki mtu kwa kutojali ilhali kosa lake ni kuzoea ndevu badala ya uso.

Kosa hilo hilo hutendewa maneno. Wapo walimu wa Kiswahili, Kisii na Nyamira, wanaowakanya watoto wasitamke neno la Ekegusii darasani, eti litawaharibia Kiswahili. Nawauliza: mmetazama uso au ndevu? 'Omonto' ni nani kama si mtu? 'Abanto' ni watu, 'omwana' ni mwana, 'amache' ni maji.

Neno 'egento' laweza kukupiga chenga, lakini ni kitu. K ya kiambishi imegeuka g kwa kuwa silabi inayofuata ina t, sauti sighuna. Wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari Edmund Dahl, aliyebainisha badiliko la aina hiyo katika Kinyamwezi. Hata kitabu, neno lenye asili ya Kiarabu, kilipofika Gusii kiliitwa 'egetabu'. Mgeni naye alinyolewa kwa wembe ule ule!

Tena, tukisema kweli, katika mtu na kitu aliyenyoa ni Kiswahili. Shina la kale la Kibantu lilikuwa na n kabla ya t. Ekegusii kimeitunza, sisi tumeiangusha. Nani basi amharibie mwenziwe?

Sisemi tofauti hizi ni ndogo mno za kupuuzwa. Anayeandika 'egetabu' katika insha ya Kiswahili amekosea, na asahihishwe. Lakini kusahihisha si kufukuza. Andika 'omonto' na 'mtu' ubaoni sambamba, mtoto aone palipobadilika na pasipobadilika. Hatachanganya tena, na hataionea haya lugha ya nyanyake. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kilichokiinua Kiswahili kuwa lugha rasmi ndicho hicho hicho kinachoitaka serikali ilinde lugha nyinginezo za Wakenya.

Kijana wa Keroka alijitambulisha mwenyewe. Maneno hayawezi, hiyo ni kazi ya mwalimu.