Kumvaa Fisi Mbele ya Watoto

Mtoto wa PP1 hapigi makofi ya heshima. Mchezo ukimchosha atalala, atamvua mwenzake kiatu, au atatangazia ukumbi mzima kwamba amebanwa na haja. Ndiyo maana, nilipoombwa kulisindikiza darasa la binti yangu kwenye mchezo wa kuigiza hapa Machakos mjini, nilikwenda na hamu ya kuwatazama waigizaji. Wangefanyaje mbele ya hadhira isiyojua kuficha?

Kikundi chenyewe ni miongoni mwa vile tunavyovijua kwa vitabu teule. Huzunguka kaunti baada ya kaunti wakiwaigizia wanafunzi wa sekondari Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, na kumbi hujaa kwa kuwa mtihani uko mbele. Mwanafunzi wa kidato cha nne huvumilia hata onyesho bovu, mradi apate la kuandika. Asubuhi hiyo hapakuwa na mtihani wa kuwaokoa. Palikuwa na mikeka, watoto wa miaka minne na mitano, na ticha aliyetuonya mapema: "Wazazi, kaeni nyuma yao. Mkikaa katikati watawatazama nyinyi."

Hadithi ilikuwa ya fisi na sungura, ya aina ile ile waliyotusimulia nyanya zetu Ukambani, na ambayo John Mbiti, mwana wa Kitui, aliikusanya na kuichapisha katika Akamba Stories mwaka 1966. Ukiwa umeegemea nyanya, fisi hana pa kukupatia. Ukumbini mambo ni mengine: fisi ni mwanamume mzima, anapumua, na yuko hatua tatu kutoka ulipo. Hofu katika mchezo wa watoto ni kama chumvi. Ikikosekana hadithi haina ladha, na ikizidi mmoja analia, na kilio cha mmoja huwa cha wote.

Basi yule bwana akatoka uso mtupu. Akawasalimu, "Mwĩ aseo?" Wakamjibu, "Twĩ aseo!" Akapiga paukwa, wakaitikia pakawa. Kisha akafungua gunia, akatoa ngozi ya fisi iliyoshonwa kwa kitambaa kikuukuu chenye madoa ya rangi, akauliza nani atamfungia mgongoni. Kijana mmoja akajitokeza, akahangaika na kamba, na mwigizaji akamngoja bila kumharakisha. Akavaa sikio moja: "Bado ni mimi?" Bado! La pili: "Na sasa?" Bado! Alipoteremsha kinyago usoni, hakuuliza tena. Ukumbi wote ulipiga kelele, "Mbiti!", yaani fisi kwa Kikamba. Wao wenyewe walikuwa wamemtengeneza, kwa hiyo kila mmoja alijua mtu yuko wapi ndani ya yule mnyama.

Hata hivyo, aliponyata kumwendea sungura, mabega ya mtoto mmoja wa mbele yalianza kupanda. Mwigizaji aliyaona kabla yetu. Hakusema "usiogope", maneno ambayo humthibitishia mtoto kwamba kuna la kuogopwa. Alipiga chafya. Chafya ikamwangusha, akaukalia mkia wake mwenyewe, akaanza kuutafuta ukumbi mzima. Kicheko kilipopoa hakuiacha hatari ikapotea. Alirudi nyuma kabisa, akaanza kunyata upya, hatua kwa hatua, mpaka akafika pale pale palipoleta hofu. Safari hii yule mtoto alikuwa amesimama, akimwonya sungura.

Kuonya huko nako kuna ufundi wake. "Yuko nyuma yako!" wakapaza sauti, na sungura akageukia upande usiofaa. Ni mzaha mkongwe, na mwigizaji asiye na kipimo angeukamua hadi watoto wachoke. Binti aliyecheza sungura aliuacha upite mara mbili. Mara ya tatu alisikia, akaruka, akawashukuru. Angeendelea kuwa kiziwi, watoto wangejifunza kwamba sauti zao hazina kazi pale.

Mpiga ngoma naye hakuwa akiwatazama wenzake. Macho yake yalikuwa kwenye mikeka. Minong'ono ilipoanza upande wa dirishani nilidhani ataongeza nguvu, akanyamaza. Ukimya ule ndio uliogeuza vichwa, na neno lililofuata la sungura likawakuta wote wakisikiliza.

Duniani kazi hii ya kuwaigizia watoto ina jumuiya yake, ASSITEJ, iliyoundwa Paris mwaka 1965, na ina siku yake, Machi 20. Kwetu bado wapo wanaodhani ni mahali pa kumpeleka mwigizaji chipukizi ajifunzie. Nilichokiona kilihitaji mtu aliyekomaa: kukumbuka maneno yake, kusoma mabega ya watoto wote wale, na kubadili mwendo bila kuivunja hadithi.

Kazi haikuisha hata mchezo ulipoisha. Binti yangu alimfuata yule bwana akiwa anakunja vitu vyake, akamuuliza kama usiku atakuwa fisi tena. Jibu la haraka, kwamba fisi hakuwepo, lingemwua mnyama waliyemtengeneza pamoja. Akachutama, wakatazamana ana kwa ana. "Mimi naenda kwangu," akasema. "Fisi anabaki kwenye gunia, na gunia lina kamba." Binti yangu akaivuta kamba kwa mikono miwili, akaona imekaza, akampa ruhusa ya kuondoka.