Vichupo vya Word 97: nani aliviagiza vihame?

Tumekwisha kusema hapa, na tutarudia: kitu cha kubofya hakihami. Kisanduku cha Options cha Word 97 kilivunja kanuni hiyo mchana kweupe. Vichupo 10 vilipandishwa safu juu ya safu. Bofya Compatibilité huko nyuma: safu nzima inashuka mbele, Affichage na vyote vilivyokuwa mbele vinapanda juu. Mkono ukirudi palepale ulipozoea, unakuta kichupo kingine.

Sababu tunaijua. Kichupo ni picha ya folda ya karatasi, kwa hiyo sharti kishikane na ukurasa wake. Safu ya nyuma haiugusi ukurasa. Basi kidhibiti cha vichupo cha Windows 95 kikaishusha. Picha ikapona, mtumiaji akaumia. Ni kama muuza unga wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, anayehamisha meza kila akishalipwa. Na anayechapa barua za watu hapa mjini, foleni ikiwa mlangoni, hana muda wa kusoma upya majina yote ili abadili kipimo kimoja.

Msiseme hapakuwa na njia. Java, katika sura yake ya Metal, ilikuwa na safu zilezile na haikuzizungusha: kichupo kilichochaguliwa kinabaki juu, mbali na ukurasa wake, na kazi inaendelea.

Si kila kitu cha Word 97 kilikuwa kibaya: mstari wake wa kijani chini ya sarufi mbovu ulikuwa kazi safi. Lakini Office 97, kifurushi chenye Word hiyo, ndiyo iliyotuletea klipu ya karatasi yenye macho, na Office 2000 ikaongeza menyu zinazoficha amri usizozitumia mara kwa mara. Ugonjwa ni uleule: mashine kujipanga upya bila kuulizwa.

Mwaka 1984 mbunifu wa Apple, Susan Kare, alikusanya mipangilio ya Macintosh katika paneli moja, karibu bila maneno, na kila kitu kikatulia mahali pake. Mtasema mipangilio ilikuwa michache. Haya, programu ya intaneti ya Netscape Communicator ya 1997 ilikuwa nayo tele, ikaweka orodha ya wima kushoto, basi. Word ilifuata njia hiyo katika Office 2007, miaka 10 baadaye.

Kwa hiyo wewe unayeandika programu ya stoo au ya duka la dawa: vichupo vikizidi safu moja, vipange wima kushoto. Vikizidi hata hapo, punguza mipangilio. Usimwongezee mtu safu ya kukimbizana nayo.