Anna Hazai kwa Anna

Mitufaha ikichanua hadi ikapendeza, kisha maua yakapukutika bila tunda, mkulima hulaumu udongo, akimaliza hulaumu mbolea. Mara nyingi kosa lilitokea kitaluni, siku aliponunua miche ya aina moja.

Mitufaha mingi hukataa chavua yake yenyewe. Chavua ikitua juu ya stigma huotesha mrija unaoteremka kuelekea kwenye ovari. Mti ukiitambua kuwa ni yake, mrija hufia njiani. Na kwa kuwa miche yote ya Anna, mojawapo ya aina za tufaha, hutokana na kubebesha vikonyo, shamba la Anna mia moja kimsingi ni mti mmoja. Kweli, Anna hujizalisha kidogo, lakini mwenye kutafuta mavuno ya kuuza hawezi kutegemea kidogo hicho. Mwenzake wa kuchavushana anayejulikana ni Dorsett Golden kutoka Bahamas, ambaye, kama Anna wa Israel, hahitaji baridi nyingi.

Katika nchi za baridi, mpangilio wa zamani ulikuwa mti mchavushaji mmoja katika kila miti tisa: kila mti wa tatu katika kila mstari wa tatu. Siku hizi wengi huchomeka katikati ya mistari mitufaha-pori ya matunda madogo, yenye maua tele na isiyokula nafasi. Jonagold na Mutsu hazifai kazi hiyo, maana zina seti tatu za kromosomu na chavua yao ni dhaifu. Hata nyuki wana hila zao: kwenye ua la Red Delicious, stameni zimeachana chini, basi nyuki mzoefu hupenyeza ulimi ubavuni, akanywa nekta na kuondoka bila kugusa stigma.

Huko kwenye nchi za baridi, tarehe ya kuchanua hupangwa na majira, na mkulima huchagua aina zinazochanua pamoja. Kwenye milima ya kwetu, kama Kabale nchini Uganda ambako Anna na Dorsett Golden hulimwa, hakuna majira ya baridi ya kuupukutisha mti majani. Mkulima huyapukuta kwa mkono ili machipukizi yaamke. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye faida ambayo wengi huipoteza: wanapukuta Anna wiki hii, Dorsett wanapopata nafasi, na maua hayakutani. Anayepukuta ndiye anayepanga tarehe. Aina moja ikizoea kutangulia kwa siku kadhaa, icheleweshwe kupukutwa kwa siku hizo hizo.

Ukitaka kujua kama uchavushaji ulifanyika, kata tunda katikati kwa kukingama. Utaona vyumba vitano, na kwa kawaida kila kimoja kinaweza kubeba mbegu mbili. Tunda lililopinda upande mmoja aghalabu huwa na vyumba vitupu upande huo huo. Fanya hivyo kwa matunda machache ya msimu huu kabla hujanunua gunia jingine la mbolea.