Metro ya Paris ni rahisi, lakini ni rahisi kwa nani?

Kila mtu anayerudi kutoka Paris anarudi na wimbo uleule: « Metro ya kule ni rahisi, hata mutoto hawezi potea. » Mimi pia niliusikia hapa Bukavu mbele ya safari, nikaamini. Februari 2024 nilipata siku tisa kule, juu ya maonyesho makubwa ya kilimo yanayofanyika kila mwaka pale Porte de Versailles. Siku tisa zote nilitembea chini ya udongo na kwa miguu, taxi sikupanda hata moja. Kwa hiyo leo nataka kuihakiki ile metro kama vile tunahakiki kitabu: fasi gani imeandikwa vizuri, fasi gani imeandikwa vibaya, na zaidi ya yote, mwandishi alikuwa anamfikiria msomaji gani.

Tuanze na sifa, maana zinastahili. Mstari wa kwanza ulifunguliwa tarehe 19 Julai 1900, chini ya uongozi wa ingenieri Fulgence Bienvenüe. Leo mistari ni 16, vituo vinapita 300, na kati ya kituo na kituo kuna kama metri 500 tu. Mistari ya 1, 4 na 14 inatembea bila dereva. Na kitabu kikubwa namna hii kina sarufi fupi kabisa. Kila mstari una namba na rangi. Kila upande wa mstari unaitwa kwa jina la kituo chake cha mwisho. Ukiona « Correspondance » unaweza kubadilisha mstari bila kulipa tena. Ukiona « Sortie » unatoka nje, na ukisha kutoka umetoka, kurudi ndani ni tiketi ingine. Basi. Anayejua hayo manne anaweza kwenda popote bila kumfungulia mtu kinywa.

Kwa sisi hiyo ni ajabu. Hapa ukiwa Nyawera na unaenda Panzi, unategemea masikio: unasikiliza convoyeur anaita nini, unauliza bei, unauliza kama anafika kweli ao anaishia njiani. Kule hakuna anayeita. Bei nayo haina mabishano. Wakati wangu tiketi moja ilikuwa euro 2,15, na Januari 2025 ikapanda mpaka euro 2,50, uende kituo kimoja ao uzunguke mji wote. Mgeni mwenye haya, mwenye Kifaransa cha shule, anapumua. Njo maana wanasema ni rahisi.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni ramani. Ramani ya metro ni nzuri kwa macho, lakini inadanganya juu ya mbali na karibu. Inanyoosha mistari, inapanua katikati ya mji ili majina yaenee, na kila kituo kinaonekana kama safari nzima. Siku yangu ya pili nilikuwa Châtelet, nataka kwenda Les Halles. Kwenye ramani ni vituo viwili, basi nikafanya kama ramani inavyosema: nikashuka ngazi, nikafuata makorido, nikangojea treni ya mstari wa 4, nikapanda, nikashuka kituo cha kwanza, nikapanda ngazi tena. Kufika juu naangalia nyuma: fasi nilikotoka naiona karibu! Kwa miguu ningetumia dakika chache, na pesa ya tiketi ingebakia mfukoni. Kwa hiyo shauri langu kwa mtalii: kama safari yako ni kituo kimoja ao viwili katikati ya mji, tembea. Utaona mji, maana chini ya udongo unaona paka matangazo.

Ramani ile haikuambii pia habari ya ngazi. Kituo cha Abbesses kiko metri 36 chini ya udongo, lakini kwenye ramani ni kadoti sawa na kingine chochote. Kwa mistari yote ya metro, ni mstari wa 14 peke yake ambao mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuutumia kwa vituo vyote. Mgeni mwenye valizi mbili, mama mjamzito, mzee wa magoti, wote watajua ngazi ziko ngapi wakisha kufika mbele yake.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, na sikuigundua mimi. Aliyenionyesha ni mama mdogo wangu.

Mama mdogo anaishi Paris miaka mingi, karibu na Château Rouge, kule sombe na makayabu vinauzwa barabarani kama Kadutu. Shule aliiacha mapema. Anasoma herufi polepole, moja moja, na jina refu linamchosha mbele ya kufika mwisho. Lakini anafanya kazi, na miaka ile alikuwa anasafisha maofisi karibu na kituo cha Alésia, kusini kabisa. Siku ya kwanza kazini mtu alimuonyesha: panda treni ya « Porte d'Orléans ». Akalishika lile jina kama picha, si kama neno. Yeye anaitaka « treni ya Orleani » mpaka leo.

Kisha, Machi 2013, mstari wa 4 ukarefushwa. Mwisho wake haukuwa tena Porte d'Orléans, ukakuwa Mairie de Montrouge. Kwa mhandisi ni kituo kimoja kimeongezeka, kitu cha kushangilia. Kwa mama mdogo, treni ya Orleani ilikufa. Asubuhi moja alikuwa anatoka kumtembelea rafiki, akaja na mstari wa 2 mpaka Barbès, abadilishe pale aingie mstari wa 4. Anaangalia ubao: upande huu Clignancourt, upande ule jina asilolijua. Orleani haiko. Akauliza kijana mmoja, kijana akajibu mbio mbio, akaenda zake. Treni zikapita moja, mbili, tatu.

Unajua alifanya nini? Alitoka nje. Akapanda boulevard kwa miguu mpaka Château Rouge, akashuka kwa ngazi zake za kila siku, akasimama fasi yake ya kila siku, akapanda treni ya kwanza iliyokuja. Alifika kazini amechelewa, lakini alifika.

« Mutoto wangu, akaniambia, majina inabadilikaka. Ngazi haibadilikake. »

Mwaka 2022 mstari ukarefushwa tena, mpaka Bagneux–Lucie Aubrac. Safari hii hakujali.

Mimi nilicheka kidogo, nakubali. Mimi mwenye licence, mwenye ramani kwenye telefone! Lakini kesho yake nilitaka kwenda kuona kanisa la Saint-Denis, fasi wafalme wa Ufaransa walizikwa. Mstari wa 13. Nikapanda, nikakaa, nikaangalia telefone. Sikujua kama ule mstari unagawanyika mara mbili, kwenye kituo kinachoitwa La Fourche, maana yake panda. Jina lenyewe lilikuwa linanionya! Nikajikuta upande wa Les Courtilles, nikarudi kama mbuzi aliyekosa zizi. Mimi nilisoma kila kitu na nikapotea. Mama mdogo hasomi vizuri na hapotei.

Njia yake ni gani? Anahesabu, na anashika alama. Nilipomwambia nataka kwenda Porte de Versailles, alinipa njia hivi: « Panda Château Rouge upande wa Clignancourt, kituo kimoja tu, shuka. Badilisha. Kisha ungojee mpaka uone fasi ukuta wote ni maherufi. Kisha ile, hesabu kumi na tatu. »

Ukuta wa maherufi ni kituo cha Concorde, kwenye mstari wa 12. Nilihesabu kutoka pale: Porte de Versailles ni kituo cha 13. Hakukosa hata kimoja.

Lakini ule ukuta ulinikaa rohoni. Ni kazi ya msanii Françoise Schein, ya mwaka 1991. Kila kigae kina herufi moja, na herufi zote pamoja ni lile Tangazo la Haki za Binadamu la 1789. Maneno hayaachiwi nafasi kati yao, kwa hiyo hata mwenye kusoma anahangaika. Fikirieni: tangazo linalosema binadamu wote wanazaliwa sawa limewekwa kama ukuta wa herufi, na mama mdogo anapita mbele yake akilitumia kama mtu wa kijiji anavyotumia mti wa mwembe: ukifika pale, jua umekaribia. Nadhani hakuna mtu anayeutumia ule ukuta vizuri kuliko yeye.

Hapa wengine watasema: huo si ukosefu wa metro, ni ukosefu wa shule, tena siku hizi telefone inasema kila kitu. Nawasikia. Ni kweli kwamba kuita upande kwa jina la mwisho ni akili: mgeni hahitaji kujua kaskazini ni wapi. Ni kweli pia kwamba kwenye njia ya kuingilia kuna orodha ya vituo vyote vya upande ule. Lakini orodha ni maandishi tena. Na telefone yangu ilisema nini? Ilisema « direction » na jina la kituo cha mwisho, yaani ilirudilia ubao. Kisha moto wa batri ukaisha.

Mfano wa kufanya ingine iko. Metro ya Mexico ilifunguliwa 1969, na tangu mwanzo kila kituo kilipewa jina pamoja na mchoro wake, kazi iliyoanzishwa na mchoraji wa Kimarekani Lance Wyman. Chapultepec, jina linalotokana na panzi kwa lugha ya wenyeji, ina mchoro wa panzi. Coyoacán ina mbwa-mwitu wa kule. Asiyejua kusoma anasema: nashuka kwenye panzi. Mtalii Mjapani asiyejua Kispanyola anasema vilevile. Na hata mstari ukirefushwa mara kumi, panzi anabakia panzi.

Paris wenyewe wanaweza, maana wameisha kuonja. Nenda mstari wa 3, kituo cha Parmentier. Sisi wa agronomia tunamjua Parmentier, yule aliyewashawishi Wafaransa wale viazi. Kituo chake kimepambwa kwa habari ya viazi! Nilisimama pale nikaacha treni mbili zipite, nikisoma kama niko darasani. Arts et Métiers, mstari wa 11, ukuta wote ni shaba, unajisikia uko ndani ya chombo cha kuzama baharini. Hivyo vituo viwili hata kipofu wa herufi hawezi kuvikosa. Shida ni kwamba Paris wanaifanya kama pambo, si kama njia ya kumuongoza mtu. Uzuri uko, lakini hauko kwenye ramani.

Hukumu yangu, basi: metro ya Paris ni kazi kubwa, imeandikwa na watu wa akili kwa ajili ya watu wanaofanana nao. Ukiwa msomaji wao, itakubeba vizuri. Usipokuwa, utajitengenezea metro yako kichwani, ya ngazi na hesabu, na hakuna atakayejua kama ulifanya kazi hiyo.

Kwa nini naleta haya kwenye ukurasa wetu? Juu niliporudi nilifungua karatasi tuliyoandika, mimi na wenzangu wa promosyo, kwa ajili ya walimaji wa ndizi, kuhusu ule ugonjwa wa bakteria unaokausha migomba yetu. Karatasi nzuri, kurasa nne, Kifaransa safi, na majina ya Kilatini. Jambo la maana mle ndani ni moja: uvunje ua la dume mapema, kwa mti wenye panda, usitumie kisu. Iko ukurasa wa tatu. Mchoro hakuna hata mmoja. Na mimi njo yule aliyesema kwenye mkutano kwamba « walimaji wanakataa mafundisho ».

Hawakukataa. Walisimama mbele ya ubao wetu, wakatafuta Orleani, hawakuiona, wakarudi kwa ngazi zao.

Nimeanza kuiandika upya: ukurasa mmoja, mchoro wa mgomba, mchoro wa ua, mchoro wa panda. Mwenye kujua kuchora vizuri aniandikie hapa chini. Na ninyi wa afya, wa sheria, wa ujenzi, semeni: ubao wenu mliuandika mkimfikiria nani?