Kioo cha Sista wa Kalela

Jumapili moja alasiri mwaka 1951, katika mji wa migodi wa Luanshya, nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini na ambayo leo ni Zambia, vijana wa Kibisa walikuwa uwanjani wakicheza kalela. Walipiga mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi. Wachezaji walivaa suruali za kijivu zilizonyooshwa kwa pasi, fulana safi na viatu vilivyong'arishwa. Mmoja wao alikuwa "daktari", amevaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu kifuani. Mwanamke alikuwa mmoja tu, naye ni "sista" wa hospitali katika sare nyeupe, akipita kwa kila mchezaji na kioo na kitambaa ili kijana ajitazame, ajifute jasho, aendelee kupendeza. Kati ya watazamaji alikuwepo mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell, na mwaka 1956 alichapisha kijitabu kizima juu ya ngoma hiyo.

Nimekirudia kijitabu hicho mara nyingi, kwa sababu kinaonyesha waziwazi jinsi utamaduni unavyosomwa, na pia jinsi msomaji wake anavyoweza kupitwa na jambo lililo mbele ya macho yake. Ngoma hiyo ilisomwa upya na watu wengine, na kila mmoja alizitazama suruali zilezile akaona kitu kingine. Tofauti ilitokana na swali walilokuja nalo.

Mitchell alianza na kitendawili. Kalela ilikuwa ngoma ya kabila. Waliocheza karibu wote walikuwa Wabisa, na nyimbo zao ziliwasifu Wabisa na chifu wao, zikayachokoza makabila mengine. Lakini katika mavazi hapakuwa na kitu hata kimoja cha Kibisa, si ngozi, si manyoya, si shanga. Nyimbo nazo ziliimbwa kwa Kibemba kile cha mjini ambacho kila mtu wa migodini alikielewa, hata yule aliyekuwa akitaniwa. Imekuwaje ngoma ya kabila ikavaa mavazi yasiyo na kabila?

Namna yake ya kujibu ilikuwa na mwalimu. Max Gluckman alikuwa amechapisha mwaka 1940 maelezo ya siku moja tu, sherehe ya kufungua daraja huko Zululand mwaka 1938. Hakuanza na "mila za Wazulu". Alianza na nani alisimama upande gani wa mto, nani alikunywa chai na nani alipewa bia na nyama, Mzulu gani alizungumza na hakimu wa Kizungu na kwa sauti gani. Kisha akaushika kila uzi akaufuata nje ya sherehe, hadi kwenye ardhi, mishahara, kanisa na sheria. Mbinu hiyo ni rahisi kuieleza na ni ngumu kuifanya. Inadai mtafiti akae na tukio moja dogo mpaka lichoke kumficha mambo, badala ya kukimbilia kusema "utamaduni wa watu hawa ni huu".

Mitchell alifanya vivyo hivyo Luanshya. Uzi wa kwanza ulikuwa nguo. Aliuliza wale vijana wanafanya kazi gani, akakuta wengi ni vibarua wa kazi za mikono, kazi za vumbi na mshahara mdogo. Unadhifu ule wa Jumapili haukuwa wa kila siku. Akahitimisha kwamba mjini heshima ilipimwa kwa ngazi ambayo juu yake alikaa Mzungu, na kalela iliwapa vijana wa chini nafasi ya kupanda ngazi hiyo kwa saa chache.

Uzi wa pili ulikuwa kabila, na hapa ndipo kazi yake inapong'aa. Aliandaa hojaji, akawauliza wanafunzi: mtu wa kabila fulani ungekubali amwoe ndugu yako? Ungekula naye? Ungefanya naye kazi? Au ungependa aondoke kabisa nchini? Majibu yalionyesha kwamba watu huwagawa majirani zao kwa makini sana, lakini walio mbali huwafunga katika furushi moja lenye jina moja. Jambo hili kila aliyehamia mjini analijua. Dar es Salaam, mtu akisema anatoka Mbeya ataitwa Mnyakyusa kabla hajamaliza sentensi, hata kama ni Msafwa, Mndali au Mmalila, na huko kwao majina hayo hayachanganywi hata kidogo.

Kutokana na hilo Mitchell aliweka tofauti ambayo mpaka leo inasaidia. Kabila la kijijini ni chifu, ardhi, urithi na mahari. Kabila la mjini ni njia ya kumtambua mgeni na kujua utaanzaje kuzungumza naye. Ndiyo maana alitumia kurasa nyingi kwa kitu ambacho sisi hatuhitaji kufafanuliwa, yaani utani. Wabemba na Wangoni, waliopigana karne ya 19, walikutana migodini wakawa watani. Matusi ya kalela yalipita kwa njia hiyohiyo. Na kabila hilo la uwanjani halikuwa na nguvu kila mahali. Mwaka 1953 wachimba migodi wa Ukanda wa Shaba, eneo la migodi ambamo Luanshya imo, walipiga kura kuwaondoa wawakilishi wa makabila waliowekwa kuzungumza na wakubwa wa migodi, wakakitegemea chama chao cha wafanyakazi. Jumapili Mbisa alimtania Mbemba, na Jumatatu walisimama pamoja mbele ya mwajiri.

Mwaka 1971 Bernard Magubane, msomi wa Afrika Kusini aliyefundisha Zambia, alichapisha makala yaliyokosoa vikali kazi ya Mitchell na mwenzake A. L. Epstein. Hoja yake ilikuwa nzito. Mnapima heshima kwa suruali, kwa kazi na kwa kukaribia maisha ya Kizungu, alisema, halafu mnaiita hiyo mabadiliko ya utamaduni. Nani aliijenga ngazi hiyo? Migodini kulikuwa na ubaguzi wa rangi uliomzuia Mwafrika kupata kazi za ufundi hata akiziweza. Mshahara, makazi ya kambi na kodi viliwekwa na serikali ya kikoloni na kampuni. Ukimsoma kibarua aliyevaa vizuri Jumapili bila kuitaja nguvu iliyomwekea mpaka Jumatatu, unageuza utawala kuwa suala la kupenda na kutopenda.

Naona Magubane alikuwa sahihi, na kila anayepima "mabadiliko ya utamaduni" kwa kuhesabu simu, jinzi na nyumba za bati anastahili kusomeshwa makala yale kabla hajapewa ruhusa ya utafiti. Hata hivyo naye hakurudi kwa wachezaji. Alikosoa vipimo, na wale waliopimwa wakabaki kimya kama walivyokuwa. Swali la kitendawili lilikuwa bado halijajibiwa: kwa nini suruali, na kwa nini vyeo vya daktari na sista?

Jibu lililonishawishi zaidi lilitoka kwa mwanahistoria, na lilipitia kwetu Pwani. Terence Ranger alifukuzwa Rhodesia ya Kusini mwaka 1963, akaja kufundisha historia Dar es Salaam hadi 1969. Kitabu chake kuhusu ngoma ya beni kilitoka mwaka 1975. Mitchell alitaja kwamba kalela ina asili katika mbeni, kama beni ilivyoitwa huko migodini, akapita, maana yeye aliipiga picha ngoma ikiwa imesimama. Ranger aliufuata uzi huo kurudi nyuma, mji kwa mji, mpaka Lamu na Mombasa za miaka ya 1890.

Huko alikuta bendi za matarumbeta na gwaride, na jina lenyewe beni ni bendi iliyopitia ulimi wa Kiswahili. Lakini alikuta pia kitu kilichokuwepo kabla ya tarumbeta. Lamu ilikuwa imegawanyika zamani kati ya Mkomani na Langoni, na pande hizo zilishindana kwa ngoma, mashairi na karamu hata watu wakafilisika. Beni ilipoingia haikuleta mashindano. Mashindano ndiyo yaliyoikaribisha beni, kama chombo kipya cha ugomvi wa zamani. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Katika koloni la Wajerumani palitokea Marini na Arinoti, Marini wakijiona watu wa Pwani wenye hadhi, Arinoti wakiwapokea zaidi wapagazi na vibarua kutoka bara. Kila upande ulikuwa na kingi wake, majenerali wake, maofisa wake, na pia mfuko wa kusaidiana kwa maradhi na mazishi.

Kisha vita vya 1914 hadi 1918 vikawachukua askari na wapagazi, na beni ikatembea nao. Ilifika Nyasaland (leo Malawi), Rhodesia ya Kaskazini na migodini, ikizaa ndugu wenye majina mengine. Mganda unaochezwa hadi leo pwani ya Ziwa Nyasa ni wa ukoo huo. Anayesikia vibuyu vinavyolia kama tarumbeta na kuona vijana wamepangwa kwa mistari anaitazama safari hiyo nzima.

Ufundi wa Ranger unaonekana zaidi katika nyaraka alizotumia. Baada ya vita, mwaka 1919, maofisa wa Kiingereza walishikwa na hofu kwamba vyama hivi vyenye majenerali na mawasiliano kutoka mji hadi mji ni njama ya Waafrika wote. Wakaulizana, wakachunguza, wakajaza mafaili. Mwaka 1935, wachimba migodi wa Ukanda wa Shaba walipogoma na polisi wakaua watu 6 palepale Luanshya, tume ya uchunguzi ilisikia tena jina la mbeni. Ranger aliyasoma mafaili hayo kinyumenyume. Woga wa ofisa aliuweka pembeni, akabaki na orodha za vyeo, miji, tarehe na barua, akazilinganisha na kumbukumbu za watu walioijua ngoma. Ofisa aliyeandika ili aizime beni ndiye aliyetuhifadhia ramani yake.

Hakukubali kirahisi kwamba beni ilikuwa mbegu ya harakati za uhuru, ingawa miaka hiyo jibu hilo lingepokewa kwa makofi. Alichokiona ni watu walioutazama utawala mpya, wakachukua alama zake za ukubwa na kuzitumia katika mashindano yao wenyewe. Ukiyajua hayo, daktari na sista wa Luanshya hawahitaji tena kuelezwa kwa hoja ya kumwiga Mzungu peke yake. Ni vyeo vya chama cha ngoma, kama kingi na jenerali walivyokuwa vyeo Pwani. Nyakati zilipobadilika, joho la hospitali likachukua nafasi ya magwanda.

Bado sista ananirudia akilini. Mitchell ametuambia alichovaa na alichobeba. Mimi ningependa kujua alijiungaje, nani alimnunulia sare, na alisema nini nyumbani jioni ile. Kwa Luanshya nafasi hiyo imepita, lakini Mombasa kuna aliyeuliza. Margaret Strobel, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa mji huo, alikaa na akina bibi waliocheza lelemama, ngoma ya wanawake iliyokwenda sambamba na beni. Aliwaacha wasimulie maisha yao kwa Kiswahili, tangu utoto, ndoa na utumwa wa wazazi, na ngoma ikajitokeza mahali pake ndani ya maisha hayo.

Vyama vyao navyo vilikuwa na vyeo, sare na wapinzani, na vilishindana kwa kupika, kuchinja na kutunga nyimbo za mafumbo ambazo aliyelengwa alizielewa barabara. Katika miaka ya 1950 wanawake wa Mombasa waliunda vyama vya aina nyingine, vya kutetea elimu ya wasichana na haki ya kupiga kura, na Strobel alionyesha njia iliyotoka lelemama hadi huko. Kukusanya michango nyumba kwa nyumba, kumchagua kiongozi na kumng'oa, kuitisha watu mia kwa siku moja, kusimama mbele ya wapinzani bila kutetemeka: hayo walikuwa wameyafanya kwa miaka mingi, usiku, katika ngoma.