Wazimu wa Kurusha Dadu

Hakuna mhusika rahisi kumharibu kama mwendawazimu. Mvalishe matambara, mpe kopo, mchekeshe peke yake, halafu katikati ya soko atamke hekima iliyowashinda wenye akili zao. Basi, hadithi imekwisha! Waandishi chipukizi tunampenda sana huyu bwana. Mimi nataka nimtazame mahali pengine: kwenye michezo ya kuigiza ya mezani, ile ya karatasi, penseli na dadu, iliyopata umaarufu kwa Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, Marekani, mwaka 1974.

Kwa asiyeijua: watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimamizi, anasimulia nchi ya kubuni yenye majoka na wachawi. Kila aliyebaki anabeba mhusika mmoja na kuamua aseme nini, atende nini. Dadu zinaamua kama amefaulu. Ni riwaya ya mdomo, yenye watunzi watano na hakuna anayejua mwisho.

Sasa, mwaka 1979 Gygax alitoa kitabu cha wasimamizi, na humo mna jedwali la wazimu wa aina 20. Mhusika akirukwa na akili, dadu la pande 20 linaweza kurushwa, namba inasomwa. Huyu mlevi wa kupindukia, huyu hawezi kujizuia kuiba, huyu anaona dunia nzima inamwinda. Kwangu mimi ubovu umeanzia hapo. Namba inakupa jina la ugonjwa, mtu haikupi.

Sandy Petersen alifanya vizuri zaidi katika Call of Cthulhu, 1981. Humo akili ni akiba, inapungua kila mhusika anapokutana na la kutisha. Akipoteza pointi 5 au zaidi kwa mkupuo anaweza kuchanganyikiwa kwa muda. Akiba ikiisha kabisa, mchezaji anamkabidhi mhusika wake kwa msimamizi. Yaani wazimu una bei, na unauma. Ila hata huyo namlaumu: kukutana na la kutisha tu ndiyo sababu? Usingizi, njaa, msiba, viko wapi?

Halafu ikaja Vampire: The Masquerade, 1991, yenye ukoo mzima wa vichaa, Malkavian. Jamani! Wachezaji wengi waliufanya kibali cha fujo. Mtu anampiga mfalme kwa samaki, anachoma chakula cha wenzake, ukimuuliza anasema, "Si mhusika wangu ni kichaa?" Huo ni uvivu. Mgonjwa hafanyi lolote lile. Anafanya jambo lenye maana kwake, na analifanya kwa bidii.

Chukua mfano wangu. Askari mpanda farasi aliyefiwa na farasi wake vitani, naye anaamini farasi bado anamfuata. Upanga anaushika vizuri, hesabu anajua, mizaha anapiga. Lakini kila jioni ananunua majani. Kwenye nyumba ya wageni analipia zizi. Wakifika kwenye daraja la kamba anakataa kuvuka, maana farasi hawezi, na nyuma maadui wanakuja. Hapo mchezaji ana kazi ya kufanya, na wenzake wana uamuzi: wamdanganye, wamburute, au watafute njia nyingine? Hahitaji kucheka peke yake hata mara moja.

Kuna atakayesema huu ni mchezo tu, mbona nauchukulia kama mtihani wa kidato cha nne. Mimi naangalia waliokaa mezani. Mitaani kwetu nyumba zenye mgonjwa wa namna hii si chache, na mgeni akija mlango wa chumba kile hufungwa. Huenda mmoja wa wale watano katoka kumlisha kaka yake muda huu huu, kaja kupumzika, anakuta wenzake wanamcheka kaka yake bila kumjua. Msimamizi mwenye busara huuliza kabla dadu hazijatoka mfukoni: jambo hili tuliguse au tuliache? Swali hilo halimalizi hata dakika mbili.

Nasi tunaoandika riwaya hatuna wa kumuuliza, kwa sababu msomaji hatumwoni. Yule mwenye kopo sokoni, kwangu nimemfuta kwenye mswada. Mwenye kumtetea na aandike, toleo lijalo nitamsoma.